Dola milioni tatu na bado una mwenye nyumba

Jamani mi kazi yangu kufungua mlango tu, ndo nilichoajiriwa, ila kuna siku kichwa kinajaa inabidi mtu useme. Mi ni bawabu New York, Upper East Side, pale wanapopaita Carnegie Hill, mtaa umetulia mpaka ukipiga chafya mbwa wa jengo la pili anageuka kukuangalia. Sare nyeusi, vifungo vya dhahabu, kofia. Shangazi yangu wa Ngamiani Tanga kaona picha kawatangazia majirani kuwa niko jeshi la wanamaji la Marekani, nimeacha hivyo hivyo, sina nguvu ya kukanusha.

Jengo letu la miaka ya 1920. Hapa mjini nyumba za kabla ya Vita Kuu ya Pili ndo watu wanazigombania (shangazi aliniuliza vita gani, vya Kagera?), dari juu huko, kuta nene, sakafu ya vibao vilivyopangwa mshazari, na ukimwambia mtu kuwa mchoraji wa ramani ya jengo ni Rosario Candela, yule Msisilia aliyechora 740 Park Avenue na majumba mengine ya wenye nazo, mkono wake unaenda wenyewe kwenye pochi. Letu sio la Candela. Madalali wanasema tu "enzi za Candela" halafu wanakohoa.

Sa ngoja niwape mazungumzo yangu na shangazi, maana alitaka kujua huyu tajiri mpya wa fleti 9B kanunua kwa bei gani.

Nikamwambia dola milioni tatu na kitu. Kimya. Namsikia anamuuliza binti yake kwa madafu ni ngapi hiyo, binti kapiga hesabu kasema bilioni saba na ushee, shangazi kavuta pumzi, "Laa ilaaha illallah, ghorofa zima?" Hapana shangazi, fleti moja, vyumba viwili vya kulala, sebule, chumba cha kulia, jiko, na kichumba cha mtumishi huko nyuma ya jiko chenye choo ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango.

"Haya, hati kapewa?"

Hati hana, ana hisa.

"Hisa za nini?"

Za kampuni inayomiliki jengo.

"Kwa hiyo nyumba ya nani?"

Ya kampuni. Yeye ni mwanahisa, kampuni imempa mkataba wa kukaa kwenye ile fleti.

"Kapanga."

Sio kapanga shangazi...

"Kila mwezi analipa?"

Analipa, tena maelfu ya dola, humo kuna kodi ya majengo, kuna mkopo wa jengo, kuna mishahara yetu sisi.

"Na asipolipa?"

Kampuni inavunja mkataba, hisa zinauzwa, anatoka.

Akatulia. Halafu akasema kwa upole kabisa, mwanangu, huyo mtu katapeliwa, mwambie aende polisi.

Na hapo sijamfikisha kwenye bodi, wale wanahisa wanaoendesha jengo! Maana kuwa na hizo milioni tatu haitoshi, lazima wakazi wenzio wakukubali. Unapeleka makaratasi ya kodi ya mapato, taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua za marafiki wanaosema wewe ni mtu mtaratibu hupigi muziki usiku, kisha unaitwa kwenye usaili unavaa tai unakaa mbele ya majirani, na mmoja wao kaja na ndala. Kuna majengo hawataki hata kusikia mkopo wa benki, lete pesa taslimu zote. Wakisema hapana ni hapana, na kwa desturi sababu hupewi. Mwaka 1979, mwaka uleule Amin anakimbia Kampala, Richard Nixon, mtu kashakuwa rais wa Marekani, alitaka fleti huku kwetu Upper East Side wakazi wakamgomea, akaishia kununua nyumba ya peke yake mtaa wa 65 Mashariki. Mwaka 1985 Madonna, yule mwanamuziki, kataka fleti jengo la San Remo, ng'ambo ya bustani ya Central Park, bodi ikamkataa. Shangazi hapo ndo akaelewa, "Aaah, si useme mjumbe wa nyumba kumi."

Mbwa naye anasailiwa, wallahi siongezi chumvi. Kuna siku kaja mmoja kachanwa manyoya kuliko mimi siku ya ndoa yangu, nikamfungulia mlango nikamwambia karibu sir.

Basi mtu ukishapita unadhani umestarehe, kumbe ndo unakabidhiwa kitabu cha sheria. Ile sakafu ya vibao uliyoilipia, iliyofanya mkeo alie machozi siku ya kwanza, sheria inasema uifunike kwa zulia asilimia 80 ili wa chini asisikie hatua zako. Kwa hiyo unamiliki hisa za sakafu usiyoiona. Unataka kuhamisha bafu? Haliwezi kukaa juu ya chumba cha kulala cha jirani. Unataka kubomoa ukuta? Subiri majira ya joto, watu wakienda zao pwani. Sofa limefika saa kumi na moja jioni? Lifti ya mizigo inafungwa saa kumi, sofa likalale kwenye gari. Na anayetumwa kuyasema hayo yote ni nani? Mimi! Bodi imekaa juu inakunywa chai, mi ndo nasimama mbele ya bilionea mwenye baiskeli namwambia samahani mzee, baiskeli inapita mlango wa nyuma, ananitumbulia macho utadhani nimetunga mimi hiyo sheria usiku kabla sijalala.

Alafu joto, jamani joto. Jengo lina boila moja chini, mvuke unapanda kwenye mabomba ya zamani, hakuna cha kupunguza wala kuongeza chumbani kwako. Sheria ya jiji inasema kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa Mei, mchana nje kukishuka chini ya nyuzi 13 basi ndani kuwe angalau 20, sawa, ila hayo mabomba hayajui hesabu. Januari, theluji nje, bi mkubwa wa 3A ananipigia simu anatetemeka, dakika hiyohiyo wa 11B ananipigia yuko na kaptura madirisha kayafungua yote anauliza tunamkaanga kwa nini. Na usiku mabomba yanagonga ngo ngo ngo mpaka mgeni mmoja alishuka kuniuliza nani anajenga. Mi sio fundi! Fundi ni supa, yaani msimamizi wa matengenezo ya jengo, na supa simu yake ikiita haipokelewi, nadhani ndo maana yeye ni supa.

Na ule mtaa wenyewe mzuri huoni kitu, mbele yetu pamewekwa jukwaa la chuma na mbao la kukinga wapita njia, giza mchana kweupe. Hili silaumu sana, mwaka 1979 kipande cha jengo kilidondoka kule juu Broadway kikaua mwanafunzi wa chuo, ndo jiji likatunga sheria kuanzia 1980, sasa kila jengo lenye ghorofa zaidi ya sita kuta zake zinakaguliwa kila baada ya miaka kadhaa. Sawa kabisa. Ila ukarabati unachangisha wanahisa, wa 9B kaletewa bili ya mchango hata maboksi hajafungua, kaja kunilalamikia mimi, eti nani kaamua. Mkuu, wewe. Wewe ndo kampuni. Kaondoka ananuna.

Haya yote nilikuwa namsimulia shangazi nikidhani anacheka na mimi, nikasahau kuwa na yeye ana nyumba ya vyumba sita pale Ngamiani anapangisha. Juzi napokea sauti kwenye WhatsApp kutoka kwa mpangaji wake wa uani, kijana wa bodaboda, kakasirika hata salamu hakuna: "Kaka, ni wewe uliyemwambia shangazi tulete barua tatu za marafiki? Mi marafiki zangu wote wa kijiweni, nani anajua kuandika barua? Na kuku wangu wameitwa kwenye kikao Jumamosi, nawavalisha nini?"