Msafara wa Kanisa Nje ya Nchi: Kulala kwa Familia au Kulala Pamoja?

Kila kikundi cha kanisa kinachopanga safari ya nje ya nchi, kiwe kwaya, umoja wa vijana au ujumbe unaotembelea parokia rafiki, hufika mahali pa kuamua wajumbe wake watalala wapi. Wapo wanaotaka kila mmoja apokewe na familia ya waumini wenyeji, na wapo wanaoona heri wote walale pamoja, iwe ni hotelini, hosteli au kwenye ukumbi wa kanisa. Mara nyingi mjadala huo hufungwa mapema na mhazini, kwa kuwa kitanda cha mwenyeji hakina ankara. Nadhani kosa huanzia hapo, kwa sababu gharama haikufutwa, bali imehamishiwa kwa mtu mwingine ambaye, kwa adabu yake, hataitaja.

Hoja ya kulala kwa familia ina mizizi mirefu. Katika Luka sura ya 10, Yesu anawatuma wanafunzi wake wawili wawili, na kuwaagiza wakae katika nyumba iyo hiyo, wale wanachopewa, wasihamehame. Agizo hilo lilimzuia mgeni kutafuta mwenyeji mwenye uwezo zaidi, na liliihakikishia nyumba maskini heshima ile ile ya nyumba tajiri. Lakini faida kubwa zaidi haimo katika andiko. Mgeni wa hotelini huwaona wenyeji wake wakiwa wamevalia vya Jumapili. Anayelala kwao huwaona Jumanne jioni, baba amerudi kazini amechoka, watoto wanagombania meza ya kufanyia kazi za shule, na sala ya kulala inasemwa harakaharaka kwa kuwa kesho ni kuamka alfajiri. Imani ya watu hujulikana zaidi katika sala hiyo ya harakaharaka kuliko katika ibada iliyofanyiwa mazoezi kwa ajili ya wageni.

Wanaopinga, hata hivyo, hawapingi ukarimu. Wanachokiona wao ni kwamba mwenye ufunguo ni mmoja tu. Mgeni hajui lugha vizuri, hajui njia ya kurudi mahali walipo wenzake, na amefundishwa tangu utotoni kwamba kulalamika ugenini ni utovu wa nidhamu. Chukua mfano wa mjumbe mwenye kisukari aliyesafiri na insulini yake, ambayo akiba yake inapaswa kukaa kwenye baridi. Anaogopa kufungua jokofu la watu, anaona haya kueleza ugonjwa wake kwa ishara za mikono, basi anaiacha dawa ndani ya begi na kujipa moyo kwamba siku tano si nyingi. Hotelini angemnong'oneza kiongozi wake mlangoni na jambo lingekwisha. Katika nyumba ya watu wema kabisa, wema wenyewe ndio uliomziba mdomo.

Mwenyeji naye ana yake. Chumba kinachotajwa kwenye orodha kuwa "cha wageni" mara nyingi ni cha mtoto aliyehamishiwa kwenye kochi la sebuleni. Kuna mtu atakayeomba ruhusa kazini ili awe dereva wa wageni asubuhi na jioni. Sheria nayo inaweza kuongeza mzigo: nchini Ufaransa, mkazi anayempokea nyumbani kwake mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya huhitaji kwa kawaida kuchukua hati ya mapokezi kwenye ofisi ya meya wa mji wake, na nchini Italia mwenyeji anatakiwa kuiarifu polisi ndani ya saa 48. Msafara unaofika bila kuwaeleza wenyeji mambo kama hayo umewaachia watu wa kujitolea jukumu la kisheria ambalo hawakulijua walipoinua mikono kanisani.

Kuhusu walio chini ya miaka 18 sitasema mengi, kwa kuwa sioni pande mbili hapo. Mtoto asilale peke yake katika nyumba ambayo watu wazima wake hawajachunguzwa, na pasipowezekana kuwachunguza, wote walale pamoja na walezi wao.

Kwa watu wazima suala ni gumu zaidi, na inasaidia kukumbuka kwamba Wakristo wa kwanza nao walisumbuliwa nalo. Didake, maandishi ambayo wanazuoni wengi huyaweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, yanaagiza mtume anayepita akae siku moja, na ya pili ikibidi. Akikaa tatu, huyo ni nabii wa uongo. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulisoma hilo bila kutabasamu, maana sisi tulishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maandishi hayo yanaongeza kwamba mtume akiomba fedha, naye ni wa uongo. Onyo hilo halijachakaa. Urafiki mwingi wa safari hizi umekufa miezi michache baadaye, mgeni alipoanza kumwandikia mwenyeji kuomba karo ya mdogo wake. Umekufa pia mwenyeji alipoanza kumtumia mgeni nguo kuukuu ambazo hakuziomba, kana kwamba alikuwa amempokea mhitaji na si ndugu katika imani.

Karne ya 6, Benedikto, abati wa Italia, aliagiza katika Kanuni aliyowaandikia watawa kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, kisha katika sura hiyo hiyo ya 53 akataka jiko la wageni liwe peke yake, ili wanaofika saa zisizojulikana wasiwasumbue watawa. Wapo watakaoona huo ni ukarimu nusu. Mimi naona ni mtu aliyekwisha kuishi na wageni wengi.

Kwa sasa mfano unaonishawishi zaidi ni mikutano ya vijana ambayo jumuiya ya Taizé, ya watawa wa madhehebu mbalimbali huko Ufaransa, imekuwa ikiiandaa katika miji ya Ulaya kila mwisho wa mwaka tangu mwaka 1978. Vijana kwa maelfu hulala majumbani, lakini mwenyeji huambiwa mapema anachoombwa: nafasi sakafuni, kifungua kinywa, na mlo wa pamoja siku ya mwaka mpya. Mgeni huja na mfuko wake wa kulalia, na mchana huwa kwenye sala na vikao. Mzigo umepimwa, kwa hiyo hata mwenye nyumba ndogo anaweza kukubali bila kumhamisha mtoto.

Naegemea upande wa nyumba, basi, ila si nyumba kwa masharti ya mhazini. Wajumbe wakae wawili wawili, idadi ya usiku itajwe kwenye barua ya kwanza, maradhi na dawa zielezwe kwa mwenyeji kabla ya safari kwa lugha anayoielewa, na msafara uwe na vitanda viwili au vitatu vya akiba mahali pengine, ili anayehitaji kuhama ahame bila kuhojiwa. Siku ya pili kiongozi apite kila nyumba. Azungumze na mgeni nje, wakitembea, kisha arudi ndani peke yake amuulize mwenye nyumba mtoto wake amelala wapi.