Sayansi ya tabianchi redioni: pande mbili zipi?

Mwandishi wa habari hufundishwa mapema kwamba habari ya upande mmoja haijakamilika. Katika siasa, na Dodoma ndiko Bunge liliko, kanuni hiyo ni ya lazima. Shida huanza inapohamishiwa kwenye sayansi ya tabianchi bila kuulizwa kwanza ni jambo gani hasa linabishaniwa.

Uingereza wamelipitia hili. Agosti 2017 redio ya BBC ilimhoji Nigel Lawson, waziri wa fedha wa zamani, akadai kuwa wastani wa joto duniani ulikuwa umeshuka kidogo katika miaka kumi iliyotangulia. Haikuwa kweli, na mtangazaji hakumpinga. Mwaka uliofuata mdhibiti wa utangazaji, Ofcom, aliamua kuwa kipindi kilikiuka kanuni. Kisha Septemba 2018 BBC ikawaambia waandishi wake kwamba si lazima kumwita anayekanusha mabadiliko ya tabianchi ili mjadala uwe na mizani.

Wanaopinga msimamo huo wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Ripoti ya 2007 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachotathmini sayansi hiyo, ilisema barafu za Himalaya huenda zikatoweka ifikapo 2035, na Januari 2010 jopo lenyewe likakiri kuwa kauli hiyo haikuwa na msingi. Chombo cha habari kilichozoea kufunga mlango kwa wenye shaka kingelijuaje? Tena msikilizaji akihisi anafichwa jambo, atalitafuta WhatsApp, na huko hakuna mhariri. Ila tukumbuke kwamba miongoni mwa waliolipinga dai lile walikuwamo watafiti wa barafu wenyewe, wakiwa na vipimo mkononi. Mtu wa namna hiyo apewe kipaza sauti hata akiwa peke yake. Mwenye shaka tupu hana haki hiyo.

Kwa hiyo sioni faida ya redio ya Dodoma kuweka wageni wawili wabishane kama binadamu ndiye anayeipasha dunia joto. Mwaka 2021 jopo lilisema hilo halina shaka. Ubishi wenye maana kwetu uko kwingine, na huko ndiko waandishi wengi hawaendi.

Chukua Reli ya Kati, kipande cha kutoka Kilosa hadi Gulwe, wilayani Mpwapwa, ambako mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu njia. Kiongozi akisema “mabadiliko ya tabianchi”, kauli inaandikwa kama ilivyo na habari inaishia hapo. Nani atauliza juu ya mkaa, mashamba ya kwenye miteremko, mchanga uliojaa mtoni? Kondoa ilikuwa na makorongo ya kutisha kabla hatujalijua hata neno tabianchi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa eneo lililoharibika zaidi. Joto la dunia linaweza kuzidisha mvua kubwa na bado ardhi ikawa imeharibiwa na sisi wenyewe. Hapo upande wa pili unatakiwa kweli, na kuukosa kunawapa nafuu wenye dhamana.

Mvua nayo ina utata wake. Mifumo mingi ya kompyuta ya kukadiria tabianchi ilitabiri Afrika Mashariki yenye mvua zaidi, huku vipimo vikionyesha masika yakipungua kwa miongo kadhaa. Wanasayansi wanaliita fumbo, na hawaoni aibu kusema hivyo. Dodoma tena ina msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo habari ya masika ya Arusha au Pwani haimfai mkulima wa Bahi anayeamua kati ya mahindi na mtama. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri wa “wastani hadi chini ya wastani”, hayo ni makadirio ya uwezekano, lakini mara nyingi husomwa hewani kama ahadi. Mvua ikija tofauti, mkulima anaiona sayansi nzima kuwa uongo.

Mjadala ninaoutaka ni huu: mtabiri wa hali ya hewa, afisa ugani na mkulima wa mtama, saa nzima, wabishane juu ya utabiri wa msimu uliopita, wapi ulilenga na wapi ulikosa, kabla mbegu za msimu ujao hazijanunuliwa.