Mayai ya mama mkwe

Mama mkwe wangu akisikia neno treni, huchemsha mayai. Ni mtu wa Marangu, chini ya Kilimanjaro, na kwake treni ni ile ya Moshi hadi Dar es Salaam: unalala humo, unaamka humo, na asiyebeba kapu lake anafika midomo imekauka. Kwa hiyo alipokuja kututembelea hapa Lowell, Marekani, Julai ile, nikamwambia Jumamosi nitampeleka yeye na watoto kupanda treni ya Mlima Washington kule jimbo la New Hampshire, swali lake la kwanza lilikuwa, "Trei moja itatosha?"

Baraka, ambaye ana miaka tisa na husoma kama mtu anayelipwa, akamwambia, "Bibi, reli yenyewe ni maili tatu tu."

"Maili tatu?" Akanigeukia. "Baba Neema, maili tatu ndiyo tukalipie nauli? Kanisani kwetu ni mbali kuliko hapo, na tunakwenda na viatu vya visigino."

Hata hivyo mandazi alikaanga, ya mviringo, ndoo nzima ndogo, na chai ya tangawizi akatia kwenye chupa. Mke wangu alikuwa zamu, kwa hiyo mayai nikayadaka mimi: "Mama, wewe lala, nitayachemsha alfajiri." Saa kumi nikateleka sufuria, nikakaa na simu nisome habari za mlima nipate la kuwatambia watoto. Nilipoinua macho saa ilikuwa imekwenda, Tumaini analilia kiatu, na jiko nililokuwa nimewasha silo lililokuwa chini ya sufuria. Majiko ya umeme haya yana swichi nne, na siku zote huwa nageuza ya jirani.

Nikayafuta maji, nikayapanga kapuni, nikafunika kitambaa. Mpango wangu ulikuwa mmoja: tushibe mandazi.

Njiani nikawapa elimu. Kwamba Sylvester Marsh, tajiri wa biashara ya nyama, alipotea kwenye mlima huo katika dhoruba mwaka 1857, akaapa kuweka treni ili mwingine asipate taabu kama yake. Kwamba wabunge wa jimbo walimcheka: mmoja alisema afadhali wampe kibali cha kujenga reli hadi mwezini. Na kwamba mwaka 1869 treni ikafika kileleni, ya kwanza duniani kupanda mlima kwa gurudumu la meno. Tulipokaribia tukaliona lile hoteli jeupe lenye paa jekundu pale Bretton Woods, nikasema humo ndimo mwaka 1944 zilimozaliwa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Mama akalitazama mpaka likapotea. "Kumbe hapa ndipo deni letu lilipoanzia."

Mlima Washington una mita 1,917. Nilikosea kuitaja namba hiyo mbele ya mtu wa Marangu. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi mlima wenu unaishia pale wa kwetu unapoanzia geti." Na alisema kweli. Lakini mtu huyohuyo aliyeudharau mlima alivaa masweta mawili na kitenge juu yake, mimi nimewatoa watoto na kaptula, nikamcheka. "Mama, ni Julai."

"Mlima ni mlima," akasema.

Tulipanda treni ya kwanza, ile ya mvuke. Kichwa chake kinachekesha: kimeinama mbele kama mtu anayetafuta sarafu chini, maana tangi la mvuke limewekwa kwa mshazari ili kikipanda likae sawa. Kinakula karibu tani nzima ya makaa ya mawe kwa safari moja. Katikati ya reli mbili kuna ya tatu iliyo kama ngazi ya chuma, gurudumu la meno linakanyaga kidato baada ya kidato, tak-tak-tak, mwendo wa mzee anayetoka msibani. Masizi yakaingia dirishani. Tumaini akatoa ulimi ayaonje.

Mama alikuwa ametulia, mpaka Baraka alipomgusa bega.

"Bibi, unajua behewa letu halijafungwa kwenye kichwa cha treni?"

"Limefungwa wapi?"

"Popote. Kinatusukuma tu kwa nyuma. Tumekiegemea."

Mama akanitazama mimi, mkwe aliyemkabidhi binti yake. Nikaeleza haraka kwamba behewa lina breki zake, na kijana wake wa breki, na kwamba mambo yamekwenda hivyo zaidi ya miaka mia na hamsini. Baraka akaanza, "Ila mwaka 1967..." Nikamtia andazi mdomoni.

Kutoka hapo Mama alishika pindo la shati langu kwa mkono mmoja. Kapu akanipa. "Lishike, Baba Neema. Usiliachie."

Kuna daraja la mbao huko juu linaloitwa Ngazi ya Yakobo. Mwinuko wake unazidi asilimia 37, na mkiwa juu yake abiria wa kiti cha mbele yuko kama mita nne juu ya yule wa kiti cha nyuma, ndani ya behewa lilelile. Mama alipotafsiriwa jina akatikisa kichwa: "Yakobo aliiota amelala. Sisi tunapandishwa tukiona."

Watu husimama hapo wapigwe picha, kwa sababu ukisimama wima unaonekana umelala hewani. Na mimi ni nani nisisimame? Nikampa Neema simu, nikainuka, nikanyoosha mikono yote miwili.

Yote miwili.

Kapu lilianguka upande, kifuniko cha ndoo kikafyatuka, mandazi yakashika njia. Andazi la mviringo kwenye mwinuko ule halidondoki, linasafiri. Yalipita katikati ya viti yakidunda, moja likamgonga mzee mmoja kisigino, mengine yakajikusanya ukutani nyuma kana kwamba kuna mkutano. Chupa ya chai ikafuata ikilia kengele. Abiria wakaanza kuyaokota na kuyapitisha mkono kwa mkono kuturudishia, na mtoto mmoja wa Kizungu alilipitisha lake tumboni. Mimi nikajitupa juu ya kapu kama kipa, nikayawahi mayai. Yote isipokuwa moja.

Lile moja lilibingirika taratibu, kwa heshima zake, mpaka kwenye kiatu cha mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa. Tukalisikia. Kisha ute ukaanza kutambaa sakafuni.

Mama aliutazama ute. Akanitazama.

"Hilo moja," nikasema, "nadhani lilikaa pembeni ya sufuria."

"Hutokea," akasema, kwa upole ulioniumiza.

Kileleni upepo ulitupokea kwa makofi. Hapo ndipo tarehe 12 Aprili 1934 walipoupima ukienda kilomita 372 kwa saa, na kuna nyumba ya mbao imefungwa minyororo kuvuka paa kama mbuzi wa sikukuu. Siku yetu ulikuwa wa kawaida tu, lakini kaptula zangu na za watoto hazikulijua hilo. Mama akafungua mkoba bila kusema neno, akatoa sweta tatu za watoto. Kisha akatoa kanga, akanifunga kichwani na mabegani kama mzazi aliyetoka leba. Ipo picha. Nimesimama kwenye kibao cha kilele, pua imelowa, na mgongoni imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone." Wanaukoo wote wanayo.

Kushuka nilipakata kapu kwa mikono yote miwili, na Mama alinipakata mimi kwa kola.

Tulipofika stesheni chini jua lilikuwa kali tena. Tukapata meza ya nje, watoto wana njaa, mandazi yana masizi. Mama akafunua kitambaa. "Haya, tuleni mayai." Nikasema nimeshiba. Nikasema tukale chipsi, nalipa mimi. Nikasema mayai yakipanda mlima huwa yanabadilika, na hapo hata Tumaini alinishangaa.

Baraka alikuwa ameshachukua moja. "Bibi, unajua kuna njia ya kujua yai limeiva bila kulivunja? Unalizungusha. Lililoiva huzunguka kama pia. Bichi huyumba."

Akaliweka mezani, akalizungusha. Likayumba.

Akachukua la pili. Likayumba. La tatu. Mama akavuta kiti karibu, akaegemea viwiko mezani.

"Endelea, mjukuu wangu," akasema. "Yapo trei nzima."