Kurejesha mikoko: idadi ya miche husafiri, vipimo vya maji hubaki nyuma

Wapo wanaotaka kila mbinu ya kurejesha mikoko, nyasi za bahari na matumbawe iandikwe kwa lugha nyepesi na imfikie bure kila anayeishi ufukweni. Wengine wanaonya kwamba mbinu iliyofaulu kwenye hori moja ikipelekwa kwingine bila masharti yake hufanya madhara.

Wa kwanza wana mfano mzito wa Virginia, Marekani. Huko nyasi za bahari zilitoweka kwenye ghuba za pwani miaka ya 1930, kwa ugonjwa na kisha kimbunga cha 1933. Kwa takriban miaka 20 zilimwagwa mbegu zaidi ya milioni 70, na kufikia 2020 nyasi zilikuwa zimetanda zaidi ya hekta 3,000. Kilicholeta tofauti ni kumwaga mbegu majini badala ya kupandikiza mche mmoja mmoja kwa mkono. Kulificha jambo kama hilo ni kuwapotezea wengine miaka.

Wa pili wanatuonyesha Ufilipino. Mbegu ya mkoko hudondoka ikiwa imeshachipua, ndefu kama kijiti; unaichomeka theluthi yake kwenye tope, unaacha mita moja, unachomeka nyingine. Hekta moja inameza 10,000. Maelekezo hayo yanaenea ukurasa mmoja, na yalienea kweli. Ila yalitumika kwenye matope wazi yaliyo chini mno, kwa kuwa hayana mwenyewe, wakati ardhi halisi ya mikoko ilikuwa imegeuzwa mabwawa ya samaki na kamba. Maji yalikaa juu ya miche muda mrefu, viumbe wa magamba wakang'ang'ania mashina hadi yakainama, mawimbi yakamaliza kazi. Mahali pengi ilipona asilimia 10 hadi 20 tu. Tena uliopandwa ni mkoko wenyewe (Rhizophora), pale ambapo mchu na mlilana, aina nyingine za miti ya mikoko, ndiyo hutangulia kukabili bahari.

Kilichokosekana kwenye ukurasa ule ni kipimo cha usawa, yaani kimo cha ardhi dhidi ya maji ya bahari, na hakihitaji maabara. Nenda kwenye mikoko hai iliyo jirani, tafuta mche wa chini kabisa uliojiotea wenyewe na wenye afya. Siku isiyo na upepo, maji yanapojaa, mtu mmoja asimame hapo. Yakigusa tu shina, apige simu, na mwenzake achomeke vijiti kwenye ukingo wa maji pale mnapotaka kupanda. Chini ya vijiti hivyo, msipande. Mahali pakiwa pembeni ya tuta linalochelewesha maji, njia hii hudanganya. Tumieni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao mafundi ujenzi hupimia usawa, usiwe na hata povu moja la hewa, mkisogeza kijiti kwa kijiti. Kwa kawaida mikoko husimama pale ambapo bahari hufunika ardhi si zaidi ya theluthi ya muda. Bwawa lililoachwa nalo hutaka kwanza tuta litobolewe kwenye mkondo wa zamani. Mara nyingi mbegu huja zenyewe na maji, na kupanda kunakuwa kazi ya ziada.

Hapa naegemea upande wa wanaosambaza, maana masharti yenyewe yanaandikika. Tahadhari ikigeuka kisingizio cha kumweka mvuvi pembeni, inapoteza mtu anayejua mchanga unahama msimu gani na maji yasiyo na chumvi yanabubujika wapi. Ninachowapa wa pili bila ubishi ni ramani: mahali samaki wanapokusanyika kutaga pakichapishwa, boti hufika kabla ya ulinzi. Hayo wenyeji waamue.

Kinachouma zaidi ni kufichwa kwa kushindwa, kwa sababu wafadhili huhesabu miche iliyopandwa. Huko Florida, mwaka 1972, matairi yapatayo milioni mbili yalianza kuzamishwa yawe makazi ya samaki. Vifungo vikakatika, matairi yakabingirika na kuponda matumbawe ya asili. Wazo hilo lilikuwa limeshaigwa kwingine kabla matokeo hayajajulikana. Kwa hiyo ripoti ya mradi iwe na aina ya mche, usawa wake dhidi ya mikoko jirani, chumvi ya maji, miche iliyobaki hai baada ya miezi 6, mwaka 1 na miaka 3, na kilichoiua iliyokufa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo hukutwa tupu, na ndiyo ningeisoma kwanza.