Akili mnemba na gunia la lumbesa

Tuseme wewe ndiye mnunuzi wa chakula wa shule ya bweni pale Iringa mjini, na unatafuta viazi vya muhula mzima. Muuzaji wa Uyole amekutumia ujumbe wa WhatsApp: gunia sh. 80,000, mpaka shuleni. Wa Njombe ameleta proforma (hati ya bei ya awali) yenye mhuri: kilo sh. 750, naye mpaka shuleni. Unavibandika vyote kwenye ChatGPT na kuomba ulinganisho. Muda si muda jedwali hili hapa, safi kabisa: Uyole sh. 800 kwa kilo, Njombe sh. 750. Nunua Njombe.

Lakini nani alisema gunia lile ni kilo 100? Mashine imejijazia yenyewe. Aliyezoea soko angepiga simu kwanza: ni gunia la mzani au lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo? Likiwa na kilo 120, bei ya kilo inashuka hadi kama sh. 667, na Uyole anashinda kwa mbali. (Lumbesa imepigwa marufuku, mwisho ni kilo 100. Marufuku ni jambo moja, kilichopakiwa kwenye fuso ni jingine.)

Wapo watakaosema mfano huu unatosha kuitupa akili mnemba nje ya ofisi ya ununuzi. Mimi siendi huko. Mpe mashine hiyo hiyo proforma tano za vipuri vya mashine ya kukoboa mpunga, kila moja na mpangilio wake: hii bei yake ina VAT, ile haina, nyingine inadai malipo yote kabla ya mzigo na imeficha sharti hilo chini kwa herufi za sisimizi. Hapo itamwokolea ofisa ununuzi jioni nzima. Tofauti ni kwamba kila kitu kimeandikwa. Viazi vya Uyole viliiponza mashine kwa sababu uzito haukuandikwa popote.

Upande wa wauzaji ndiko mambo yanakonoga. Sheria inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi seremala wa Mafinga kinaweza kutengeneza madawati imara kuliko kampuni yenye ofisi ya vioo, kisha kikaangushwa na nyaraka za zabuni za Kiingereza. Leo wanaweza kuomba wafafanuliwe kila kipengele kwa Kiswahili na kusaidiwa kuandika majibu. Kwangu hiyo ni faida kubwa kuliko jedwali lolote.

Ila kisu hicho kina makali pande zote. Zamani andiko lililopangika lilikuwa dalili, hata kama dhaifu, ya mzabuni anayejua kazi. Sasa kila andiko limepangika, la fundi na la dalali asiye hata na randa. Anayepitia zabuni itabidi apande gari mpaka Mafinga akaone kama mbao zimekauka au ni mbichi za juzi, zitakazopinda kabla ya mitihani.

Kuna pia suala la siri. Mwaka 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia zana hizi baada ya baadhi yao kupakia humo msimbo (maandishi ya programu za kompyuta) wa ndani wa kampuni. Bei aliyokupa muuzaji kwa kukuamini, pamoja na namba ya akaunti yake, haina tofauti sana na msimbo huo. Futa majina na namba kabla ya kubandika. Ni kazi ya dakika mbili.

Nikirudi kwenye viazi, nadhani kosa la kwanza lilikuwa letu, sisi tulioomba jibu. Bandika tena ujumbe wa Uyole na proforma ya Njombe, kisha uandike: niorodheshee mambo ambayo wauzaji hawa hawajayasema. Nategemea uzito wa gunia hautakosekana kwenye orodha hiyo. Baada ya hapo chukua simu.