Shebna, Farasi wa Misri na Hukumu ya Isaya

Katika sura ya 22 ya kitabu chake, Isaya anatumwa kwa Shebna, msimamizi wa nyumba ya Hezekia, mfalme wa Yuda; msimamizi huyo anajichongea kaburi la fahari mwambani, naye anamuuliza: una nini hapa, na una nani hapa? Mwaka 1870, huko Silwan, ng'ambo ya bonde la Kidroni kutoka Yerusalemu, lilionekana kaburi la mwenye cheo hichohicho. Maandishi ya juu ya mlango yanasema kwamba humo hamna fedha wala dhahabu, ila mifupa yake na ya mjakazi wake, na alaaniwe atakayelifungua. Jina limevunjika, zimebaki herufi za mwisho tu. Wapo wataalamu wanaodhani ni Shebna mwenyewe, ingawa haijathibitika.

Nabii huyuhuyu anawaona punda na ngamia wakikatisha nyika ya Negebu na hazina za Yuda migongoni, kwenda kununua urafiki wa Misri na farasi wake wa vita dhidi ya Ashuru. Kwangu mimi makosa hayo mawili, fahari ya wakuu na kuitegemea Misri, yana mzizi mmoja, kwa kuwa wakuu wale anaowashutumu Isaya, wanaopenda rushwa na ambao shauri la mjane haliwafikii, hawawezi kumkumbuka mjane huyo wanapopima gharama ya vita. Mwaka 701 kabla ya Kristo gharama hiyo ilidaiwa: Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alijisifu kuwa ameteka miji 46 ya Yuda yenye maboma, na mji wa Lakishi ulianguka. Yerusalemu ulisalimika.

Hata hivyo, Hezekia naye anastahili kusikilizwa. Mfereji wa chini kwa chini unaohusishwa naye, wenye urefu wa mita 533 hivi, uliingiza maji ya chemchemi ya Gihoni mjini, na mji usio na maji hauhimili mazingiwa. Isitoshe, jemadari wa Ashuru aliyesimama nje ya ukuta aliiita Misri mwanzi uliopondeka, umchomao mkono anayeuegemea, maneno yanayokaribiana mno na ya Isaya. Askari aliyekuwa ukutani angewezaje kumtofautisha nabii na adui? Nakubali kwamba Isaya hakulaumu uchimbaji wenyewe. Lakini anataja pia nyumba zilizobomolewa ili kuimarisha ukuta, wala hatuambiwi zilikuwa za nani.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuja baadaye. Kusalimika kwa mji kulizaa imani kwamba Sayuni, yaani Yerusalemu, hauwezi kuanguka kamwe, hata nabii Yeremia akalazimika kusimama langoni pa hekalu na kuwaonya watu wasitegemee maneno ya uongo, "hekalu la Bwana, hekalu la Bwana". Alipotakiwa auawe kwa hilo, wazee wa nchi walimtetea kwa neno la nabii Mika wa Moreshethi, aliyeishi siku za Hezekia katika nchi ya chini, upande ule wa Lakishi. Mika alikuwa amewashutumu wakuu wanaohukumu kwa rushwa huku wakisema Bwana yu kati yetu, akatamka kwamba kwa sababu yao Sayuni utalimwa kama shamba.