Karibu Utushauri, Ila Usituambie

Mtu ameshalipia kiwanja, ameshachimba msingi, kuta zimefika usawa wa linta, ndipo anampigia simu shemeji yake: "Shem, hebu njoo unishauri, hapa pakoje?" Shemeji anakuja, anazunguka mara mbili, anasema hapa ni mkondo wa maji. Basi kosa! Kuanzia siku hiyo shemeji ana roho mbaya, shemeji hapendi kuona wenzake wanajenga. Sasa mvalishe shemeji huyo tai, muwekee chupa ya maji na kabrasha la kurasa 200 mbele yake. Hilo ndilo baraza la kuishauri serikali kuhusu maendeleo endelevu.

Jina lenyewe kituko. Maendeleo endelevu! Kuendelea kunakoendelea. Maana yake waliitoa mwaka 1987, tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na mama Gro Harlem Brundtland wa Norway: tule leo, ila wajukuu wasikute sufuria imekwanguliwa. (Wao hawakusema sufuria, walitumia maneno makubwa zaidi.) Mwaka 1992 wakubwa wakakutana Rio de Janeiro, wakatoka na Ajenda 21, mpango wa kuyaleta maendeleo hayo, na kila mmoja akarudi kwao na hamu ya kuunda chombo. Marekani wakaunda baraza lao 1993, likafa 1999. Wajerumani 2001. Tanzania sheria ya mazingira ya 2004 ikaweka kamati ya taifa ya kumshauri waziri, na kamati za mazingira zikashushwa mpaka mtaani na kitongojini, huko ambako mjumbe anaonekana siku ya picha tu.

Lakini tusijisingizie, jamani, kwamba vituko vyote ni vya kwetu. Chukua Waingereza. Mwaka 2000 waliunda Tume ya Maendeleo Endelevu, mwenyekiti Jonathon Porritt, mtu aliyepigania mazingira tangu ujana wake. Tume iripoti kwa Waziri Mkuu mwenyewe. Safi kabisa, utasema hapa wamelenga. Haya, na fedha? Sehemu kubwa itoke wizara ya mazingira. Yaani unamwajibikia baba, lakini nauli unaomba kwa shangazi. Shikilia hapo, tutarudi kwa shangazi.

Kazi ya chombo cha namna hii inavyokwenda, kwa wale wanaodhani watu wanakaa kunywa chai tu (chai ipo, simkatalii mtu), ni hivi. Sekretarieti inaandika rasimu. Rasimu inasema: "Serikali isitishe mradi." Inapelekwa kwa wajumbe, na wajumbe hawakuchaguliwa kwa kufanana: huyu katoka kiwandani, yule chama cha wafanyakazi, mwingine chuo kikuu, mwingine halmashauri. Wa kiwandani anasema neno "isitishe" kali. Inakuwa "serikali itafakari uwezekano wa kusitisha". Inapita wizarani kwa maoni, inarudi "serikali iendelee kutafakari". Hapo umeishukuru serikali kwa jambo ambalo haijaanza! Ndiyo maana ukisoma ripoti ya baraza lolote, usianze na dibaji. Nenda kwenye mapendekezo, tafuta vitenzi. Ukikuta "kuimarisha", "kuhamasisha" na "kuendelea", kunja weka pembeni. Ukikuta tarehe, kiasi na jina la wizara inayopaswa kutenda, hapo kuna mtu alikataa kusaini mpaka usiku.

Tume ya Waingereza, tuwape haki yao, ilikuwa na vitenzi. Machi 2006 iliulizwa kuhusu vinu vya nyuklia. Wakapiga hesabu: hata mkiongeza uwezo wa nyuklia mara mbili, mtapunguza hewa ya ukaa kwa asilimia 8 tu kufikia 2035, tena mkibahatika. Wakataja na mengine: taka zake za miaka na miaka, gharama isiyotabirika, na watu kuacha kubana matumizi kwa kudhani umeme umeshapatikana. Jibu lao: hapana, si sasa. Miezi minne baadaye serikali ikatoa mapitio yake ya nishati: tunajenga. Shemeji akaachwa amesimama kiwanjani.

Kituko kikapanda daraja. Februari 2007 mahakama ikasema hayo maoni ya wananchi yaliyokusanywa kuhusu nyuklia yalikusanywa vibaya, yarudiwe. Yakarudiwa. Jibu likatoka lile lile. Mwaka huo huo bosi wa kampuni ya umeme akatamba kwamba Krismasi ya 2017 Waingereza wataoka bata mzinga kwa umeme wa kinu kipya. Krismasi ya 2017 ikafika, pale Hinkley Point, kinakojengwa kinu hicho, zege ndiyo kwanza linamwagwa. Bata wakaokwa kwa gesi.

Tuache nyuklia, twende kwenye ndoo, maana huko ndiko chombo kilikopata maadui wa kweli. Kuanzia 2006 tume iliambiwa pamoja na kushauri ikague, na ianze na ofisi za serikali yenyewe. Malengo yalikuwa yameandikwa: taka asilimia 40 zirejelezwe kufikia 2010, maji yapungue robo kufikia 2020, na kila ofisi mpya au iliyokarabatiwa itumie maji yasiyozidi mita 3 za ujazo kwa mtu kwa mwaka.

Mita 3 za ujazo! Hizo ni lita 3,000. Siku za kazi tuseme 240, gawanya: lita 12 na nusu kwa siku. Ndoo ya lita 20 haijai. Choo kipya cha huko kinavuta mpaka lita 6. Mtumishi akienda mara mbili ameshamaliza 12, kabakiwa na nusu lita ya kunawa mikono na kuchemshia chai. Achague.

Inawezekana, ila si kwa mabango ya "Tunza Maji". Inawezekana kwa tangi lenye vitufe viwili, kidogo na kikubwa, na kwa bomba linalojifunga lenyewe, kwa sababu binadamu akiwa ofisini mkono wake haujui kufunga. Kabla ya kununua chochote, soma mita ya maji saa mbili usiku watu wakishatoka, isome tena saa moja asubuhi kabla hawajaingia. Ikiwa imesogea, usihubirie watumishi, tafuta boya la tangi lililokwama au mpira wa valvu uliolika. Kinachokwamisha ni kwamba jengo lina wapangaji wanne na mita moja. Kila wizara inasema anayemwaga ni jirani. Na mita ya pili haina bajeti.

Sasa fikiria mkaguzi anayekwenda na karatasi ya namna hiyo, mwaka hadi mwaka, anachapisha nani kafaulu na nani kafeli, kwa majina. Mtu gani atampenda? Mwezi Julai 2010, serikali ikiwa mpya na kauli mbiu ikiwa kubana matumizi, shangazi akafunga pochi. Wizara ya mazingira ikatangaza inaondoa fedha zake, kwa hoja kwamba mambo ya maendeleo endelevu sasa wizara itayasimamia yenyewe. Tarehe 31 Machi 2011 tume ikafungwa. Ukitaka kuua baraza la ushauri huhitaji kubishana nalo hata siku moja. Unaacha kulipia chumba.

Wajerumani wao hawakufunga. Wana wajumbe 15, wanateuliwa na serikali kwa miaka mitatu, heshima zote. Mwaka 2002 mkakati wao ukasema ardhi inayofunikwa na nyumba na barabara, wakati huo ilikuwa hekta 129 kwa siku, ishuke mpaka 30 kufikia 2020. Hekta 30 ni viwanja vya mpira kama 42, kila siku, na hilo ndilo lengo zuri! 2020 ikafika wakiwa bado juu ya 50. Lengo lenyewe lilikuwa limeshahamishiwa 2030. Baraza likaandika kwa masikitiko. Lina mwandiko mzuri sana wa masikitiko.

Kidogo Wales wameshtuka. Sheria yao ya 2015 ina kamishna wa vizazi vijavyo, mtetezi wa wale ambao hawajazaliwa, na ina kifungu kimoja kitamu: taasisi ya umma ikipewa pendekezo na kamishna, lazima ichapishe jibu. Kama haifuati, iseme kwa nini na badala yake itafanya nini. Yaani huwezi kusema "tumepokea, linafanyiwa kazi" halafu ukatoweka. Kwetu sentensi hiyo imeshakaa miaka mingi bila kulipa kodi ya nyumba.

Ukaja mtihani: barabara mpya ya M4 kuuzunguka mji wa Newport, zaidi ya pauni bilioni 1.4, ikatishe kwenye ardhioevu ya Gwent. Kamishna akapinga. Mkaguzi aliyesikiliza pande zote akashauri ijengwe. Washauri wawili, kila mmoja na kabrasha lake! Juni 2019 kiongozi wa serikali, Mark Drakeford, akasema haijengwi. Lakini pauni milioni 114 zilikuwa zimeshaliwa na michoro na vikao kabla jembe halijagusa udongo, maana shemeji aliitwa kuta zikiwa zimefika linta, kama kawaida. Na foleni iko pale pale kwenye mahandaki ya Brynglas, inakopita M4 ya zamani. Kila asubuhi madereva wanazima injini, wanashusha vioo, wanaanza kuwataja washauri mmoja mmoja.